Kwaya Ndani ya Seva

Nilitoka Mbeya nikijua naenda Igowole kutengeneza seva ya hospitali. Kumbe nilikuwa naenda kugombana na kwaya.

Seva yenyewe ilikuwa kuukuu, ya msaada, iliyopokelewa kwa maombi na kukatiwa utepe. Kazi yake kubwa ilikuwa kutuma picha za eksirei kwa daktari wa mifupa aliyeko Iringa mjini. Asubuhi hiyo ukumbini kulikuwa na bibi mmoja, mchuma chai, amelala kwenye machela. Aliteleza kwenye matope, nyonga ikavunjika. Daktari alitaka picha yake kabla hajasafiri mchana, aamue kama aahirishe safari ampasue leo. Picha ya kupiga kwa simu aliikataa, haionyeshi ufa. Na ile ya seva kila ikianza kwenda, mtandao unakata.

Nikafungua boksi, nikakuta kadi ya sauti. Sijawahi kuona seva ya hospitali inayotakiwa kuimba. Nikaambiwa Katibu wa hospitali, ambaye pia ni mlezi wa kwaya, aliagiza ichomekwe ili albamu ya kwaya ipigwe kwenye spika za ukumbini kuanzia sala ya asubuhi mpaka jioni. Jambo jema, ila kadi hiyo na ya mtandao zilikuwa zimepewa namba moja ya kuita prosesa, ule ubongo wa mashine. Ni kama wagonjwa wawili kulazwa kitanda kimoja, na pale hakuna aliyehitaji kufafanuliwa hilo. Kuzima muziki kwa muda hakukusaidia, maana kadi hata ikiwa kimya inaing'ang'ania namba yake. Nikajaribu kuzigawia namba tofauti kwenye mipangilio, mashine ikagoma. Tundu jingine la kuhamishia kadi lilikuwa limekufa siku nyingi.

Nikamwambia Katibu kadi moja itoke. Akaitisha kikao.

Wajumbe wakaja, chai ikaja, maandazi yakaja, tukafungua kwa sala. Mjumbe mmoja akauliza kama kadi hizo haziwezi kukalishwa chini zikapatanishwa. Mwingine akashauri itoke ya mtandao, kwa sababu haijulikani inafanya nini, wakati kwaya kila mtu anaisikia. Nilitaka kulia. Nikala andazi.

"Albamu ile ilizinduliwa na mgeni rasmi, fundi," Katibu akasema. "Nikiizima leo, Jumapili nitasimama wapi mbele ya watu?"

"Na yule bibi asimame wapi, Katibu?"

Akapendekeza iundwe kamati ndogo. Nikawaacha wanachagua mwenyekiti wake, nikaenda kuzima mashine, nikaing'oa kadi ya sauti, nikaitia mfukoni. Kwaya ikakatika katikati ya pambio. Nilipowasha tena, picha ilienda moja kwa moja, na chai ya kikao ilikuwa bado haijapoa daktari akapiga simu: mleteni sasa hivi.

Wauguzi wakaisukuma machela kuelekea kwenye gari. Bibi aliponifikia akanishika mkono, akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mwanangu. Afadhali umezima. Tangu asubuhi naita, hawanisikii."

Katibu alikuwa amesimama mlangoni, na maneno hayo aliyasikia vizuri kabisa. Akanigeukia, akaniuliza kadi nimeiweka wapi.