Beda na Mguu wa Mtani Wake

Nikisema natoka Chanzuru, wazee wa Kilosa huniuliza kama nina undugu na yule dresa aliyelia kwenye kaburi la mguu. Kisha hucheka mpaka wakohoe. Nami hucheka nao, kwa sababu kumweleza mtu mzima kwamba maisha yake yote amecheka mahali pasipochekesha ni kazi kubwa, na mimi si mvumilivu. Lakini Beda alikuwa baba mdogo wangu, na kicheko kile nakichukia.

Alizaliwa hapo Chanzuru, Msagara kwa baba na kwa mama, akasoma kwa mapadri mpaka akakijua Kiingereza cha kueleweka. Wakati wa vita Waingereza walimpeleka Burma kubeba machela, akarudi na kaptula ya jeshi na ujuzi wa kufunga vidonda. Akaoa mwanamke wa Mikumi, mama mdogo Bibiana, ambaye ndiye aliyenisimulia haya yote. Bei ya mkonge ilipopanda mpaka wenye mashamba wakawa wanagombania watu, Beda akapata kazi ya udresa, ya kusafisha na kufunga vidonda, kwenye hospitali ya shamba moja kati ya Kilosa na Munisagara. Kambi zilijaa manamba, vibarua wa mkataba waliosombwa kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha na Wanyakyusa, kila mmoja na kipande chake, kadi ya kazi, mfukoni.

Tatizo la baba mdogo lilikuwa mdomo. Aliiga mwendo wa nyapara, aliiga kikohozi cha padri, na mgonjwa aliyetiwa aidini kwenye kidonda alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Alipenda kusema kwamba kicheko ni nusu ya dawa. Mimi nadhani alipenda zaidi kusikilizwa.

Kwa Wanyamwezi ndiyo hakuwa na breki kabisa. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita nchi yetu kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mtumwa wake, kukunyang'anya kofia, hata kukuchekea msibani, nawe huna pa kushtaki. Ukinuna, umeshindwa. Katika Wanyamwezi wote wa kambi, aliyemweza Beda alikuwa mmoja tu, mkata mkonge wa kutoka Sikonge, mrefu, Mmoraviani wa kushika sala, jina lake Hezekia.

"Mtumwa wangu hajambo?" Hezekia alikuwa akimwita kutoka mbali. "Babu yako alimuuzia babu yangu mtama uliooza. Bado nadai mwingine."

"Babu yako angeujuaje mtama, naye shingo ilikuwa imeingia kifuani kwa kubeba mizigo ya watu?"

Waliendelea hivyo Jumapili nzima, na watu wakiacha bao lao kuja kuwasikiliza. Walipendana sana, wale wawili.

Daktari wa hospitali alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Chokaa, maana mikono yake haikukosa unga wa plasta. Siku hizo aliyevunjika mguu alilazwa miezi, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Bwana Chokaa alikuwa akifanya utafiti wa njia nyingine iliyokuwa ikizungumzwa na madaktari wa kwao, ya kufunga plasta juu ya ngozi yenyewe bila pamba ndani, ili ishike mfupa barabara na mgonjwa asimame mapema. Akipata matokeo mazuri angeyaandikia madaktari wenzake Ulaya. Tusimwonee. Mifupa mingi ilishika, na watu walitoka hospitalini kwa miguu yao.

Lakini hatari yake aliijua, na alimweleza Beda waziwazi. Mguu uliovunjika huvimba, na plasta isiyo na pamba haiachi nafasi. Ikibana mno, damu haipiti, na mguu unakufa humo ndani bila mtu kuona. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Plasta ikipasuliwa hapohapo, mguu unapona. Kwa hiyo kila asubuhi daktari alipita kila kitanda na swali moja, na kwa kuwa Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "lete maji", aliyeuliza kwa niaba yake alikuwa Beda.

"Maumivu yapo?"

Mgonjwa alijibu, Beda alitafsiri, daktari aliandika. Utafiti wote ulipitia kwenye mdomo ule ule uliomwiga padri.

Ikatokea toroli iliyosheheni majani ya mkonge kuruka reli ndogo ya shambani, ikamlalia Hezekia mguu wa kulia chini ya goti. Wenzake walimleta kwa machela mchana wa jua kali, na njia nzima alikuwa akimwita mama yake kwa kwao: "Mayo wane! Mayo wane!" Beda alimpokea vizuri. Alimkata suruali, akamsafisha, akamshika mabega wakati daktari akiuvuta mguu na kuufunga plasta. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Jioni, jamaa walipokuja kutazama wagonjwa na wodi imejaa, akashindwa kujizuia. Akapita katikati ya vitanda anachechemea, mkono kiunoni, macho juu, "Mayo wane! Mayo wane!" Sauti ile ile, kwikwi ile ile. Wodi nzima ilivunjika mbavu. Kesho yake mashambani watu walikuwa wakikata mkonge kwa wimbo wa Mayo wane, na hata nyapara alikuwa akiuitikia.

Hezekia naye alicheka, kama mtani anavyopaswa kucheka.

"Haya, mtumwa wangu," alisema. "Leo umenipata. Hutanipata tena."

Asubuhi Bwana Chokaa alisimama kwenye kitanda chake, Beda pembeni, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakiwa wameinua vichwa kusikiliza.

"Maumivu yapo?"

"Maumivu ndiyo nini?" akasema Hezekia. "Labda Wasagara wanayo. Kwetu hayakufika."

Watu wakacheka. Beda akamgeukia daktari akasema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hana maumivu. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo, na nyingine. Daktari alifurahi. Hakuwa amepata mgonjwa aliyetulia namna ile.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo Bibiana alikuwa akinisimulia huku ameangalia chini. Asubuhi moja Beda aliona mdomo wa chini wa Hezekia umechanika kwa kuumwa na meno yake mwenyewe. Aliona jasho usoni, na hali kulikuwa na baridi. Aliona blanketi limevutwa likafunika vidole vya mguu, na mkono wa Hezekia ukilishikilia lisifunuliwe. Kazi yake ilikuwa kulifunua. Kubonyeza kucha na kutazama kama damu inarudi ni jambo la kupepesa jicho. Badala yake aliuliza swali lake kwa sauti ya juu ili wodi isikie, akajibiwa kwa mzaha, akatafsiri. Moyoni alikuwa amekereka. Alitaka Hezekia asalimu amri kwanza, aseme "naumwa, mtani" mbele za watu. Hakujua kwamba mguu unakufa. Kwamba mtu anaumia alijua.

Harufu ndiyo iliyosema. Bwana Chokaa aliinusa kabla hajafika kitandani, akalitupa blanketi mwenyewe. Vidole vilikuwa vyeusi. Alipasua plasta kwa haraka, lakini hapakuwa na cha kuokoa, na siku hiyohiyo Hezekia alikatwa mguu chini ya goti. Beda ndiye aliyeushika wakati msumeno ukipita. Ulipoachana na mwili ulibaki mikononi mwake, mzito kuliko alivyotazamia.

Baada ya kunawa, daktari alimwuliza kwa upole, "Hakukuambia hata mara moja kwamba anaumwa?"

"Hapana, bwana. Hakusema."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Beda alikuwa hodari wa kutafsiri.

Bwana Chokaa akasema kwamba alikuwa amesikia watu wa huku hawasikii maumivu kama Wazungu, na hakuwa ameamini, sasa amejionea. Basi swali la asubuhi halina faida. Hataliuliza tena. Kijana wa Kinyakyusa aliyeletwa asubuhi ile amevunjika mguu, Lupakisyo, angefungwa plasta Jumatatu, naye angetazamwa tu itakapofika siku ya kuifungua.

Beda alielewa maana yake vizuri kuliko mtu yeyote pale hospitalini. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kueleza. Akajibu, "Ndiyo, bwana," akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko la hospitali kwa aibu kama mtu aliyejiharia. Hayo maneno ni yake mwenyewe, alimwambia mkewe hivyo hivyo. Alitamani Hezekia amtukane, tusi la kweli lisilo la utani, ili na yeye apate pa kuombea radhi.

Hezekia hakumtukana. Alipopata nguvu ya kusema, kesho yake, ambayo ilikuwa Jumapili, alimwita.

"Nasikia mnataka kuchoma mguu wangu na matambara. Huo ni maiti yangu, na maiti ya Mnyamwezi huzikwa na mtani. Utachimba wewe. Na utalia wewe."

"Hezekia, ndugu yangu, nataka nikuombe..."

"Ndugu yako nani?" Sauti ilikuwa ndogo lakini kali. "Mimi bwana wako. Kachimbe."

Hapo ndipo Beda alipofahamu kwamba mlango umefungwa. Kwenye utani hakuna kosa, na pasipo kosa hakuna msamaha. Alikuwa ameutumia utani kama fimbo, na sasa angebaki ndani yake.

Habari ilienea kambini, na mchana manamba walikuja kwa makundi, wamevaa nguo za Jumapili. Kuzikwa kwa mguu si jambo la kukosa. Beda alikuwa amechimba shimo dogo nyuma ya wodi, kando ya uzio wa minyaa. Kitanda cha Hezekia kilisukumwa mpaka barazani ili aone. Mguu uliletwa umefungwa shuka jeupe, na mzaha ukaanza kabla haujafika chini, maana Wanyamwezi walijua haki zao. Mmoja akataka Beda alale kaburini kwanza kama watani wanavyofanya. Mwingine akamwambia aingize angalau kichwa, ndicho kinachotosha.

Beda akauweka mguu shimoni, akapiga magoti.

"Lia!" watu wakapiga kelele. "Lia, mtumwa! Umefiwa!"

Aliufungua mdomo kuanza kile kilio cha kuigiza ambacho kila mtu alikuwa akikingoja. Alikuwa nacho tayari, alikitunga wakati akichimba. Hakikutoka. Kilichotoka kilikuwa kingine, kikubwa, kibaya, kinachokatikakatika, kamasi zinamshuka mpaka kidevuni na mikono yake imeshika udongo. Umati ukaangua kicheko. Walianguka chini, walishikana mabega, walipiga makofi. Hawakuwa wameona mtani anayejua kulia namna hiyo. Kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, naye hakuweza kuacha, wala hakuwa na njia ya kuwaambia kwamba hafanyi mchezo.

Barazani mtu mmoja hakucheka. Hezekia alijiinua kwa viwiko, akangoja kelele zipungue. Kisha akauliza kwa sauti ya asubuhi, sauti ya Beda mwenyewe, ameiga sawasawa:

"Maumivu yapo?"

Watu wakalipuka tena, halafu wakanyamaza kusubiri jibu. Beda alitazama nyuso zile zote. Alikuwa na majibu kumi ya kuwavunja mbavu.

"Yapo," alisema. "Yapo, mtani. Yapo sana."

Kicheko kilipaa. Hezekia akajilaza, akafumba macho. Alionekana amechoka mno.

"Basi nenda," alisema, "ukamtafsirie daktari."

Beda alinyanyuka na udongo wake magotini, hata shimo hakulifukia, wakalifukia wengine. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakimpiga mgongoni na kumsifu, wengine wakimwomba arudie kidogo tu, akaelekea nyumba ya Bwana Chokaa. Dirishani mwa wodi Lupakisyo alikuwa amekaa, mguu wake umefungwa vipande vya mbao, naye anacheka pamoja na wenzake.