Kaburi la Pande Mbili za Mto

Jaja alionyesha mahali pawili. Pa kwanza palikuwa kabla ya daraja la Karuma, mkono wa kushoto ukitoka Kampala, nyuma ya kibanda cha muuza mkaa. Pa pili palikuwa baada ya daraja, mkono wa kulia, kwenye mteremko wa nyasi ndefu ambapo nyani walikaa wakisubiri tuwatupie chakula. Pote pawili alisimama, akatazama chini, akasema, "Ni hapa. Hapa nililaza mtoto yangu." Pote pawili alilia, na sikuona tofauti kati ya kilio cha kwanza na cha pili. Mwanawe, aliyekodi gari na kununua jembe jipya na shuka jeupe la kufungia mifupa, aligeuka akaniangalia mimi. Baba yake mdogo, mzee aliyetumwa na ukoo, alirudi ndani ya gari akafunga mlango.

Kati ya pale pa kwanza na pale pa pili unapita Mto Naili.

Nilikuwa katika safari hiyo kwa sababu mwanawe aliniomba. "Madamu," aliniambia kwa simu, "mama alikupa hii hadithi kabla ya watu wengine wote. Kuja utusaidie."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, chini kidogo ya Kyambogo. Nilitoka Kenya kuja kufanya kazi hapa wakati mtaala mpya ulipohitaji somo hilo na walimu wake walikuwa wachache. Mtaala huohuo ulileta kazi za mradi: mwanafunzi atoke darasani, afanye uchunguzi, aandike ripoti, na maksi zake zihesabiwe pamoja na za mtihani wa mwisho. Idara ya historia ikaamua kwamba wanafunzi wake watakusanya masimulizi ya wazee wa mtaani. Sijawahi kulipenda wazo la shule kama nilivyolipenda hilo.

Jaja aliishi nyuma ya uzio wetu, katika safu ya vyumba vya kupanga. Watoto wa Kampala humwita bibi yeyote jaja, na hata yeye, mtu wa kaskazini, alikuwa ameshalizoea jina. Alikuwa mjane wa polisi. Kiswahili alikipata kambini, Kiganda alikuwa nacho cha sokoni tu, na Kiingereza hakuwa nacho. Ndiyo maana mkuu wa idara ya historia aliniomba nilipeleke kundi la kwanza mwenyewe, niwe mkalimani panapohitajika. Jaja alikuwa akipima mkaa kwenye vikopo barazani. Alitusikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali lake.

"Hawa watoto wanaandika?"

"Wanaandika, Jaja."

"Na karatasi inakaa?"

"Inakaa."

"Basi waulize. Mimi nikikufa, nani atajua kijana yangu iko wapi?"

Akaeleza. Mwaka ule wa vurugu, wake na watoto wa kambi walipakiwa kwenye lori warudishwe kwao, waume wakabaki kazini. Mtoto wake wa kwanza, mvulana ambaye hakuwa amejifunza kutembea, alikuwa na surua. Alikufa njiani akiwa mgongoni. Dereva alikataa kuendelea na maiti. Lori likasimama, mkulima mmoja akawaazima jembe, wakachimba, wakazika, lori likaondoka. Mumewe hakuwahi kupaona. Waliokuwa pamoja naye kwenye lori wamekwisha kufa, au hajui waliko. Watoto aliowazaa baadaye hawakuwa wamezaliwa. Mahali pale palikuwa kichwani mwake peke yake, naye alikuwa anatukabidhi.

Kundi lile la wasichana liliandika kama alivyosema, kwa mpangilio wake, pamoja na mkulima aliyewaharakisha wamrudishie jembe lake, na mihogo ya kuchoma aliyompa. Walipata maksi za chini. Ripoti haikuwa na sehemu ya changamoto, haikuwa na mafunzo yaliyopatikana, haikuwa na mapendekezo.

Mwaka uliofuata nilienda tena na kundi jingine. Msichana mmoja mwenye macho makali, ambaye kwa haki angefaa kuwa wakili, alimkatiza Jaja.

"Jaja, mlivuka Naili na maiti?"

Jaja aliwatazama, akatazama kalamu zao. "Tulivuka," akasema.

Bila shaka lori lilivuka, kwao ni ng'ambo. Lakini swali lilikuwa na mambo mawili ndani yake, na jibu lilikuwa moja. Msichana yule aliandika kwamba mama huyu alivuka mto mkubwa na mwanawe aliyekufa mgongoni. Mkuu wa idara alisoma ukurasa huo kwa sauti chumbani mwa walimu, na mwalimu wa hesabu, ambaye hasikilizi mtu, aliacha kula. Ripoti hiyo ilipata maksi za juu kuliko zote. Ikatolewa nakala, ikawa mfano wa kila darasa lililofuata.

Tangu hapo hakuna kundi lililofika kwa Jaja bila kuijua. Walikuja na daraja tayari katika maswali yao. Mwanzoni alijibu kwa maneno machache. Baadaye maji yalianza kuunguruma chini ya lori, kisha mwanamke mmoja ndani ya lori akaanza kuimba, kisha yeye mwenyewe akawa ndiye anayeimba. Mkulima alififia. Mihogo ikatoweka. Safari ya mwisho niliyomsikiliza barazani, wanafunzi hawakuhitaji tena mkalimani. Walihitaji tu mtu mzima wa kuwasindikiza.

"Jaja, tumekuja."

"Naona. Nyinyi pia ni ya daraja?"

"Ndiyo, Jaja."

"Mwaka jana walikuja wanene. Nyinyi shule inawanyima posho?"

Walicheka. Kijana mmoja akajipiga tumbo kama ngoma.

"Jaja, tunaomba uanze na changamoto."

"Utangulizi hamtaki? Wenzenu walitaka utangulizi. Haya. Changamoto ya kwanza, lori ilijaa. Ya pili, dereva alikuwa roho mbaya. Andika, wewe, mbona unaangalia kuku?"

Nilibaki nyuma walipoondoka. Nilimwambia kwamba zamani hakuwa akieleza habari za daraja. Hakukasirika.

"Wewe Mkenya, Kiswahili yako iko na kona mingi, lakini haujui watoto. Nikisema mtu ya jembe, kalamu inalala. Nikisema maji, kalamu inakimbia. Mimi nataka waandike. Karatasi ikae."

"Lakini alizikwa kabla ya daraja au baada?"

"Si umesikia?" akasema, akaendelea kupima mkaa.

Nilipeleka suala hilo kwa mkuu wa idara. Si mtu mbaya. Kila mwisho wa muhula alimpelekea Jaja sukari kwa fedha zake mwenyewe. "Madamu," aliniambia, "wanaotathmini wanaangalia muundo, hawaangalii kaburi. Madarasa yangu yamejaa mpaka mlangoni. Bila mfano, hawa watoto wataandika nini?" Nilimwacha na rundo lake la kusahihisha.

Karatasi hazikukaa. Maksi zikishatumwa, ripoti huwekwa stoo, na stoo ikijaa huuzwa kwa wanawake wanaofungia njugu. Niliwahi kununua njugu langoni nikakuta nasoma utangulizi wa mtu.

Halafu mwana wa Jaja akaja. Ni askari wa kampuni ya ulinzi, analinda duka la vifaa vya ujenzi upande wa Lubaga, mtu mpole anayezungumza akiwa amesimama wima kama yuko zamu. Mkewe amekuwa akipoteza mimba moja baada ya nyingine. Hospitali haikuona sababu. Wazee wa ukoo waliiona: kaka yake mkubwa amelala njiani kama mgeni, na hakuna mtoto atakayekaa katika nyumba hiyo kabla yule wa kwanza hajarudishwa nyumbani. Sijui kama aliamini. Mkewe aliamini, na hakuwa amelala vizuri muda mrefu. Walichohitaji kwa Jaja ni kitu kimoja tu: mahali.

Njiani Jaja hakuzungumza mpaka tulipokaribia mto. Akamgusa dereva bega: hapa. Tukashuka, tukazunguka kibanda cha mkaa, akatuonyesha kwa kidole. Mwanawe alivua koti akashika jembe. Mzee wa ukoo alikuwa ameanza kuomba kwa lugha yao wakati Jaja alipoinua kichwa. Tulikuwa tunasikia maji.

"Lakini tulivuka," akasema.

Akataka tuingie garini. Juu ya daraja alianza kusimulia, na niliitambua sauti: ndiyo aliyotumia barazani, na vituo vyake, na mahali pa kungoja kalamu. Lori, dereva, maji, wimbo. Tulipomaliza kuvuka akamgusa dereva tena.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja kilichobaki kichwani kutoka siku ya kwanza. Niliamini kwamba alituambia kuhusu jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe, karibu na kaburi.

"Na jiwe, Jaja?"

"Jiwe gani?"

"Ulisema kulikuwa na jiwe."

"Mimi?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Sikuona jiwe upande wowote. Barabara imepanuliwa tangu miaka ile, na mawe ya kandokando ndiyo hupondwa kuwa kokoto.

Mwanawe aliongea polepole. "Mama, mtoto ni mmoja. Hawezi kuwa huku na huku. Chagua."

"Nichague nini?" Jaja alinyosha kidole ng'ambo, kisha miguuni pake. "Macho yangu inaona yote mbili. Huku namuona, huku namuona. Nyinyi mnataka nifanye namna gani?"

Alikaa chini kwenye nyasi. Nyani mmoja alisogea, akaona hana kitu, akaenda zake. Tulirudi Kampala na shuka likiwa bado limekunjwa ndani ya mfuko wa duka.

Wiki hiyohiyo nilimtafuta mmoja wa wasichana wa kundi la kwanza. Nilisikia anauza viatu vya mitumba katika soko la Owino, na ilinibidi niulize kwa wauza viatu wengi, kila mmoja akitaka kwanza nijaribu pea. Nilimkuta akisugua raba nyeupe kwa mswaki. Alifurahi kuniona, akaniita Madamu kwa sauti ya kuwatangazia majirani, akanipa kigoda.

"Yule Jaja wa mkaa? Namkumbuka sana. Alitwambia habari ya mihogo, tukasikia njaa darasa zima la jioni."

"Na kaburi? Lilikuwa kabla ya daraja?"

"Daraja?" Alicheka. "Madamu, sisi ndiyo tulikosa daraja! Ndiyo maana tulifeli. Wale waliokuja nyuma yetu ndiyo walilipata."

"Kwa hiyo yeye hakulitaja."

Aliacha kusugua. "Sasa hapo siwezi kuapa. Labda alitaja, sisi hatukuandika. Tulikuwa watoto, tulikuwa tunataka kumaliza twende nyumbani."

Nikamuuliza kuhusu jiwe. Alifikiri kwa dhati, nilimwona akitafuta.

"Jiwe si la Jaja. Jiwe ni la yule mzee wa mtaa wa Banda, wa kundi la wavulana. Si ndiye alificha redio yake chini ya jiwe askari wasiichukue? Walituigizia kwenye gwaride la asubuhi, mpaka hedimasta akacheka."

Sikumbuki mzee huyo. Lakini siku hizo nilisoma ripoti zote, za kila kundi, ili kuwasaidia na Kiswahili cha mahojiano. Huenda jiwe lilitoka huko likaingia kichwani mwangu. Huenda vilevile msichana huyu ndiye aliyechanganya. Nilimtazama akirudi kwenye raba yake nikatambua kwamba kati yetu sote tuliomsikia Jaja mara ya kwanza, hakuna hata mmoja anayeweza kusimama mbele ya wazee wale na kusema neno.

Wanaotetea kazi hizi za mradi husema zinampa mwanafunzi sikio. Nimekaa na wanafunzi hao muda wa kutosha kujua kwamba wanakuja wakiwa tayari wamejazwa, na kwamba mzee mwenye huruma atawapa wanachokitafuta. Sijui namna ya kulirekebisha hilo ndani ya kipindi kimoja na maksi mwishoni. Mkuu wa idara amekwisha kugawa makundi ya muhula huu. Jaja amesema waje. Mwanawe amekataza, wamegombana, na yeye ameniambia mbele ya mwanawe kwamba labda wakiuliza vizuri safari hii atakumbuka.

Wazee wa ukoo wamesema wako tayari kuchukua udongo badala ya mifupa, maana mtoto mdogo hivyo huenda hakuacha mifupa. Lakini udongo lazima uwe wa mahali penyewe. Wa mahali pengine, wanasema, utamleta nyumbani mtoto wa watu. Mwanawe hunipigia simu akiwa zamu. Haulizi habari za shule. "Madamu, upande gani?" husema. "Wewe sema tu, mimi nitachimba."

Mkewe ana mimba tena, na imeanza kuonekana. Upande wowote wa mto, bado hakuna shimo lililochimbwa.