Mwanamke wa Ndani ya Gari

Nilitoka Majengo, mtaa wa Goma, asubuhi bila kujua ninakokwenda. Nilijua tu ninachokiacha: kioski cha mzee mmoja aliyekuwa akichaji simu za watu na kuwajazia muziki, ambacho sasa kilikuwa shimo. Bomu lilianguka pale siku wenye bunduki walipoingia mjini. Mabati yalikunjamana kama karatasi, na mzee tulimkusanya kwa mikono, mimi na jirani zake, tukiwa tumejifunga vitambaa puani. Tulipomaliza kumzika sikuona sababu ya kubaki. Nilivaa sweta, nikatia simu mfukoni, nikafuata barabara inayopanda kaskazini.

Ndani ya simu ile mlikuwa na masomo ya Kijapani.

Watu wakisikia hivyo hucheka. Shule niliiacha mapema. Nimeishi kwa kubeba mizigo, kuvunja mawe ya volkano, kuosha magari kando ya ziwa. Magari ya kwetu karibu yote yametumika Japani kwanza. Ubavuni yana maandishi ambayo hakuna anayejisumbua kuyafuta, na mengi ukiyawasha, sauti ya mwanamke hutoka ndani na kusema sentensi moja, kwa upole. Shofere mmoja aliniambia anasalimia. Mwingine aliniambia anasali. Mimi kutojua kulinikera kama mwiba.

Mwaka ule mlima wa moto ulio juu ya mji ulipopasuka, ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, nyumba zikapata nyufa, kisha tukaamriwa tuhame. Mji mzima ulimiminika barabara ya kwenda mji wa Sake. Magari yalikwama katikati ya watu. Mashofere walizima injini ili kubana mafuta, wakawasha wasogee kidogo, wakazima tena. Mbele yangu mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliangushwa, watu wakampita juu. Mtoto alitolewa akilia. Mama hakuinuka. Magari yaliwashwa, na mwanamke yule akasema sentensi yake, katika gari hili, katika lile, kwa upole ule ule.

Niliporudi Goma nilimwomba mzee wa kioski anitafutie Kijapani.

"Ya kufanya nini, mutoto yangu? Uko na fianse, bibi ya kuoa, kule?"

"Nataka kujua ile mama wa gari anasemaka nini."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alitafuta, na kila nilipopita alikuwa na somo jipya. Mwalimu, kwenye video, alikuwa mwanamke mwenye ubao na kikapu cha vitu vya kuchezea. Hakufafanua kanuni yoyote, wala hakutafsiri. Alichora mlima akasema "yama". Alichora mwingine mkubwa, akafungua mikono, mdogo, akaibana. Siku moja alimtia paka wa kitambaa ndani ya sanduku. Alifungua: paka yuko. Alifunga, akafungua tena: hayuko. Aligeuza sanduku, akalitikisa, akanuna. "Imasen," akasema. "Neko wa imasen." Nilicheka peke yangu barabarani.

Haikuwa njia ngeni kwangu. Kinyarwanda nilikipata hivyo hivyo kwa wafugaji wa Masisi, nilipokuwa nikibeba madebe ya maziwa: mtu anakupa maji, anayataja, unakunywa, basi. Nilikaa muda mrefu nikisikia tu, bila kufungua mdomo. Kilichonishangaza ni kwamba sentensi ya magari nilikuwa nimeisikia kuliko somo lolote, na haikuwa imenipa kitu. Hakukuwa na sanduku mbele yangu la kutazama.

Nilipita Munigi nikisikiliza. Kanyaruchinya, pale palipokuwa na kambi ya wakimbizi, mahema yalikuwa yameng'olewa na kubaki vijiti juu ya mawe meusi. Hapo nikaikuta bariere, kizuizi cha askari barabarani. Gari jeupe aina ya jipi lilisimama kando, na chini, kando ya tairi lake, alilala mtu, mikono imefungwa nyuma kwa waya, shati limeshikamana na ngozi kwa damu. Nilitaka kugeuka. Nilikuwa nimechelewa.

"Weye! Kuya hapa. Leta simu."

Askari aliuchomoa waya wa sikio, na sauti ya mwalimu ikatoka hadharani. Kofi lake lilinijaa sikio. Komanda, aliyekuwa amekaa juu ya gogo akila mahindi, aliinua kichwa.

"Ngoja. Huyo si ndugu ya ule wa gari?"

Alinyanyuka akaingia ndani ya jipi, akawasha. Mwanamke akasema sentensi yake. Komanda akanitazama kama mtu aliyekamata mwizi.

"Jana bomu imekula batu yangu hapa hapa," alisema. "Hii gari tulikuwa tumeikamata asubui. Kila tukiwasha, huyu mama anaongea. Anaongea na nani? Shofere anasema hajue."

"Sijue, komanda," mtu wa chini alisema. Meno ya mbele hayakuwapo. "Nimeiendesha miaka mingi, sijue."

Askari alimpiga kwa kebo mgongoni, na mguu wake ukaanza kupapatika wenyewe. Komanda alitoa bastola, akaiweka kwenye sikio langu lile lililokuwa linalia.

"Weye unajua. Anasema nini? Ukinidanganya, munalala wote wawili."

Ningeweza kumwambia anasalimia. Lakini shofere huyu pengine naye alikuwa amejaribu hilo. Niliomba awashe tena. Injini ikaunguruma, mwanamke akasema. Kwa mara ya kwanza sikujaribu kuishika sentensi nzima. Niliiacha ipite kama mwalimu anavyopita na kikapu chake. Mwanzoni kulikuwa na kitu kama kadi. Katikati palikuwa giza tupu. Mwishoni, wazi kabisa, lilikuja sanduku linalotikiswa.

"Tena," nilisema.

"Unanicheza?"

"Tena, komanda. Mara moja."

Aliwasha. Imasen.

"Anasema kadi haiko," nilisema. "Si mutu anayeongea naye. Kuna mahali pa kuweka kadi, na haiko."

"Kadi ya nini?"

"Hiyo sijue."

Askari alicheka, akainua kebo. Komanda alimzuia kwa kidole. Aliinamia chini ya usukani, akapapasa, akatoa matusi, kisha akakuta kijisanduku cheusi chenye mdomo mwembamba. Alitia ncha ya kisu mdomoni mwake. Ilizama bila kugusa kitu. Alikitazama kitambo, halafu akakikwanyua na nyaya zake, akawasha gari. Kimya.

"Kadi," alisema. Alimgeukia askari wake kwa hasira, kana kwamba kebo ilikuwa wazo la askari peke yake. Kisha akanipiga teke la kiuno. "Beba mutu wako, mupotee. Simu inabaki."

Waya wa mikononi mwa shofere ulikuwa umeingia ndani ya nyama. Niliufungua kwa meno. Shofere aliniegemea, tukatembea, tukakaa, tukatembea. Alitema damu juu ya mawe. Nyuma yetu bunduki zililia, na hatukugeuka kujua ni za nani.

Tulifika Kibumba jua likizama, ukungu ukiwa umeshashuka juu ya makabichi. Sikuwa nimewahi kulala huko. Mama mmoja alikuwa akiingiza viazi ndani, akatuona, akashusha kikapu.

"Yezu wangu. Nani alimufanya hivi?"

"Bariere, mama. Tunatafuta pa kulala."

"Kitanda hakiko." Alifungua mlango wa ghala, akasogeza gunia kwa goti, akaonyesha ardhi iliyobaki. "Iko hii tu."

Alileta maji ya moto na blanketi lenye harufu ya moshi. Nilimlaza shofere kwa ubavu, kwa kuwa mgongo haukulalika. Nilidhani amesinzia.

"Miaka yote ile," alisema kwa mdomo uliovimba, "alikuwa anaomba kadi tu?"

"Kadi tu, papa."

Alianza kucheka, ikamuuma, akashika mbavu, akaendelea. Kisha akanyoosha kidole mlangoni, kule mlima ulikokuwa ukimezwa na giza, akaniuliza Wajapani wanauitaje.

"Yama," nilimwambia.