Mkono wa Asiyelia

Pale kwa dobi, mashuka ya hoteli yalikofuliwa na kupigwa pasi, walimwita Jiwe, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Jina lilimpata wiki yake ya kwanza kazini. Pasi ilidondoka sakafuni, yeye akainama, akaiokota kwa kushika upande wa bati la moto kama mtu anayeokota sahani, akairudisha mahali pake na kuendelea na kola aliyokuwa akiinyoosha. Aliyepiga ukelele alikuwa jirani yake wa meza ya pili, mwanamke mnene ambaye mdomo wake haukujua likizo, na ambaye kwa sababu hiyo naye walikuwa wamempa lake: Redio.

"Mwenzangu! Wewe ni mtu au jiwe?"

"Ni mtu," alijibu, maana ameulizwa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alitabasamu baadaye kidogo, kama kawaida yake. Alipenda kwanza kujua kicheko ni cha nini.

Kulikuwa na pasi kubwa ya mvuke iliyowekwa kwenye kona, yenye kifuniko kinachoshuka na kubana nguo. Waliiita Mamba. Mtu akisimama mbele ya Mamba tangu asubuhi, jioni uso umemwiva kama muhogo wa kuchoma. Ndiyo maana Mamba alikuwa wa zamu, leo huyu, kesho yule. Lakini Redio alianza kuomba: "Nishikie leo, shoga, mgongo unaniua." Akafuata wa pili mwenye mimba, wa tatu anayeumwa kichwa. Siku nenda siku rudi, zamu zikafa zenyewe bila matanga.

"Mpeni Jiwe," bosi alikuwa akisema. "Moto haumjui huyo."

Moto ulimjua. Tatizo ni kwamba ulipomfika haukupita njia inayopitwa na wote. Watu wengine wakiungua mkono, mkono ndio unaosema. Yeye mkono ungeweza kunyamaza kabisa, halafu baada ya muda sauti zikaanza kuwa kali. Mlio wa bomba ungekuwa na meno. Kijiko kikigonga kikombe kingempasua kichwa. Hapo ndipo alipojua kwamba mwilini mwake kuna mahali pameharibika, akaanza kujikagua kuanzia miguuni, kama mtu anayetafuta tundu kwenye paa linalovuja.

Na yale ambayo wengine hata hawayaoni ndiyo yaliyomtoa roho. Lebo ya kitambaa kwenye ukosi wa nguo, aliikata kwa wembe kabla hajaivaa. Kitana. Soksi yenye mshono. Zaidi ya yote, mkono wa mtu unaompapasa kidogo, kwa upole, kwa nia njema. Mpige ngumi, atakuuliza kwa nini umempiga. Mpapase bega, ataruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Mama yake alishindwa kumwelewa tangu utotoni. Siku ya kusukwa nywele mtoto alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Kisha mtoto yuleyule alianguka kutoka juu ya ukuta akavunjika mfupa wa bega, akaingia ndani, akaketi, akala chakula kwa mkono wa kushoto. Mfupa uligunduliwa wakati wa kuoga. Mama alijumlisha mambo hayo mawili akapata jibu lake: huyu analia akitaka, si akiumwa. Na kwa vile aliamini fimbo isiyotoa chozi haijafika, alipomchapa aliipeleka tena, na tena, mpaka yeye mwenyewe akachoka na kwenda kulia jikoni.

Kwa hiyo msichana alikua akijua kwamba akilia ataitwa mwenye deko, na akinyamaza ataitwa mwenye kiburi. Akaamua kutumia maneno. Maneno yalikuwa ya wote, aliona, na yalikuwa na maana ileile mdomoni mwa kila mtu. Tangu hapo kila alipoumia alitafuta mtu mzima aliye karibu, akasimama mbele yake, akasema: nimeumia hapa. Aliyaamini maneno hayo kama mtu anavyoamini komeo la mlango wake.

Sasa, kanyagio la Mamba, linaloshusha na kuinua kifuniko, lilikuwa limeanza kukwama. Alimwambia bosi. Bosi akasema fundi atakuja. Fundi hakuja, wakaja wageni wa mkutano hotelini, mashuka yakarundikana mpaka dirishani. Asubuhi moja alikuwa akinyoosha foronya chini ya kifuniko, na kifuniko kikashuka bila kuitwa, kikamfunika vidole vya mkono wa kulia. Akalipiga teke kanyagio. Halikusikia. Akalipiga tena, kifuniko kikafunguka.

Alikitazama kiganja. Akazima mashine, maana ndivyo walivyofundishwa, kisha akatembea hadi kwa bosi aliyekuwa akibishana kwenye simu. Akangoja amalize.

"Bosi, Mamba amenibana mkono. Nimeungua. Nafikiri ni vibaya."

Bosi alianza kwa kumtazama usoni. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Uso ulikuwa mkavu, macho yameelekea ukutani, sauti ni ile anayotumia kusema sabuni imekwisha. Baada ya kuusoma uso, ndipo akautazama mkono. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe, vikavu, kama nta.

"Hata lengelenge hakuna," bosi alisema, akashusha pumzi. "Umenishtua bure. Tia kwenye maji ya baridi. Hoteli wanataka mzigo wao jioni."

"Mkono huu ndio ninaofanyia kazi," alisema.

"Najua, dada. Ndiyo maana nakwambia utie maji."

Redio alimfunga bendeji aliyoitoa kwenye mkoba wake, huku akisimulia kwamba ingekuwa yeye, wangemsikia mpaka mtaa wa tatu. Nyuzi za bendeji zilimtembea kwenye kifundo cha mkono kama sisimizi walioamshwa. Alivumilia kwa muda. Kisha akaenda chooni, akaifungua, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Jioni mzigo wa hoteli ulitoka, mwingi wake kwa mkono wa kushoto.

Siku zilizofuata sauti zilianza. Kwanza bomba, kisha kuku wa jirani, kisha mama yake akitafuna. Alijikagua, ingawa safari hii hakuwa na haja ya kutafuta tundu. "Mama," alisema, "twende zahanati. Mkono umeanza kuniingia masikioni."

"Kuingia masikioni ndiko wapi?" mama aliuliza, lakini alichukua mtandio wake. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama aliyechoka kubahatisha.

Zahanati ilijaa. Taa ndefu ya dari ilikuwa ikivuma, na watoto walikuwa wakikohoa kwa zamu. Nesi, mwanamke mchangamfu aliyemwita kila mtu mpenzi, aliushika mkono akaugeuzageuza. Ngozi ya vidole ilikuwa ngumu, imekauka. Akabonyeza cha kati kwa nguvu.

"Hapa panauma?"

"Hapo sisikii kitu. Ndiyo maana naogopa. Masikio ndiyo yanayouma, kwa sababu ya mkono."

"Mkono na masikio, mpenzi, vimekutana wapi?" Nesi alicheka, na kwa huruma ya kweli akampapasa bega.

Ukelele uliomtoka ulinyamazisha hata watoto wa kukohoa.

"Ahaa!" nesi alisema. "Kumbe kelele unazo! Nikibonyeza kidonda unanyamaza, nikikugusa bega unapiga yowe. Sasa mgonjwa ni bega au kidole?"

"Ndivyo alivyo tangu mdogo, sista," mama alisema kwa aibu. "Deko tu."

"Kidonda kimekauka, kinapona. Nitampa dawa ya kupaka na vidonge, na asiivue bendeji."

"Bendeji inauma," alisema.

Foleni nzima iliyokuwa ikisikiliza mlangoni ilipasuka kwa kicheko. Kidonda hakiumi, bendeji inauma! Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Yeye alisubiri, kama kawaida, aone kicheko ni cha nini. Alipokijua hakutabasamu. Akarudia, polepole, ili maneno yasikosee njia: "Nimeumia. Mkono umeharibika. Naomba daktari auone." Nesi akamwambia daktari ana wagonjwa, akaita anayefuata.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hata mwenye kukilalia akikutajia kunguni mmoja mmoja, utamwambia jikune tuone.

Alirudi kazini, kwa kuwa asiyeumwa hukaa nyumbani kufanya nini? Chini ya ile ngozi kavu kidonda kilikuwa kikifanya kazi yake bila kelele, sawa na mwenye nacho. Siku moja alianza kutetemeka katikati ya mashuka. Alimwambia Redio kwamba anaisikia taa. Redio alifungua mdomo ili atoe mzaha, akanusa harufu, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Redio ilizimika. Alimkokota hadi barabarani, akasimamisha gari kwa kusimama mbele yake.

Kwenye hospitali kubwa, daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye viatu vilivyoisha visigino. Hakumgusa kwanza. Alivuta kiti akakaa, akauliza: "Ukiumwa sana, mwili wako hukuambiaje?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alilijibu lote, kuanzia mfupa wa bega hadi kuku wa jirani, na daktari hakumkatiza ingawa mlangoni walikuwa wakimwita. Baadaye, homa iliposhuka, daktari alirudi akamweleza yeye na mama yake kuhusu usonji: kwamba mtu huzaliwa nao na kukua nao; kwamba wenye usonji hawafanani, yupo ambaye maumivu humfikia kwa kuchelewa au kwa mlango wa nyuma, yupo ambaye mguso mdogo kwake ni moto, na yupo mwenye yote mawili katika ngozi moja; kwamba uso kutoonyesha si mwili kutoumwa.

"Angeletwa siku ileile," daktari alisema, kisha akaona hakuna faida ya kuimaliza sentensi.

Vidole vilikatwa vitatu. Vilibaki gumba na kile kidogo, ambavyo vikisaidiana vinaweza kushika kikombe. Pasi haviwezi.

Mama alikaa kando ya kitanda akiutazama mkono uliofungwa. "Wahenga walisema," alianza, "mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sikuficha."

"Ungelia, mwanangu! Hata mara moja!"

"Nilisema, mama. Nilimwambia bosi. Nikakwambia wewe. Nikamwambia nesi mara mbili."

Mama alifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, akitafuta upande wa kulishikia. "Kusema," alijibu mwishowe, "kila mtu anasema. Tungejuaje?" Kisha akaanza kulia yeye, vizuri, kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumpa pole.

Aliporudi kazini bosi alimpokea mlangoni mwenyewe. Kanyagio la Mamba lilikuwa limetengenezwa na zamu zimefufuka. Bosi hakutaka watu waseme amemtupa mtu, hivyo alikuwa amemtafutia nafasi mbele, kaunta, kupokea nguo za wateja.

"Kazi ya kukaa, dada. Kiti kina mto. Hakuna moto, hakuna mvuke."

"Mheshimiwa sasa!" Redio alisema, akapiga vigelegele.

Mlangoni pale kaunta palikuwa na kengele, na ililia kila mteja alipoingia na kila alipotoka. Manukato yaliingia kabla ya wenye nayo. Nguo alikabidhiwa mkononi, si mezani, na vidole vya watu vilipita juu ya ngozi yake, vikavu, vyenye jasho, vyenye pete. Waliouona mkono wake walimshika kifundo: pole, dada, ilikuwaje? Kila mara aliumeza ukelele; hata adhuhuri haikufika, alikuwa ameshatapika.

Alienda kwa bosi akasimama mbele yake.

"Kazi ya kaunta inaniuma."

"Inakuuma wapi?"

"Kengele. Na kuguswa. Inaniuma kuliko Mamba. Nirudishe nyuma, nitakunja nguo kwa mkono mmoja."

Bosi alimtazama usoni. Alimtazama kwa makini kweli, maana sasa alikuwa mtu aliyeogopa kukosea. Alitafuta kwenye paji, kwenye macho, kwenye pembe za mdomo, na hakuona kitu.

"Dada," alisema kwa upole, "riziki usiipige teke. Nikikurudisha nyuma na mkono huo, watu wataniona mnyama. Nenda kapumzike kwenye kiti chako."

Kengele ilikuwa inalia. Alirudi, akakisogeza kiti nyuma hadi kikagusa ukuta, ili nguo zilazimike kuwekwa mezani. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, mwenye uso wa huruma. Aliweka furushi lake, akauona mkono, akaguna. Kisha akalala kifudifudi juu ya kaunta, akaunyoosha mkono wake wote mpaka akamfikia, na kwa ncha za vidole akampapasa shavu, polepole, juu na chini.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Inauma bado?"

"Ndiyo," alijibu.

"Jipe moyo," yule mama alisema, akiendelea kumpapasa. "Naona umeshapoa."