Wazee Walivyoshinda Shindano la Amani

Edinah Chepkemboi alitoka Boito kwenda kununua kitanda, akarudi na kamera. Meneja mmoja wa shamba la chai alikuwa anahama, vyombo vyake anaviuza nje ya nyumba kwenye nyasi. Kitanda kiligombaniwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yake, naye akabaki ameshika kisanduku cheusi chenye mkanda wa kuvaa shingoni. Mumewe, Mathew Kiptanui, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, alikigeuzageuza.

"Mama Kipsang, hiki tutakilalia vipi?"

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Watoto wao walikuwa wameshakuwa watu wazima na kwenda zao, na Edinah alikuwa hajawahi maishani kufanya jambo lisilo na faida. Alilionja hili, likamnogea.

Filamu ya kwanza aliipeleka kuoshwa Bomet, kwa Ndung'u, aliyekuwa na studio karibu na soko. Ndung'u alizipanga picha mezani, akazitazama kwa huzuni. Kwaya nzima ilikuwa imekatwa vichwa.

"Mama, hawa watu walikukosea nini?"

"Vichwa vilikuwepo nikipiga, Ndung'u. Sijui vimeenda wapi."

Ndung'u akaanza kumfundisha. Jua alipe mgongo. Azuie pumzi kabla ya kubonyeza. Amsogelee mtu mpaka aone aibu, halafu asogee tena kidogo. Edinah alijifunzia kwa ng'ombe, maana ng'ombe hadai nakala wala hakimbii ndani kubadilisha nguo. Baada ya miezi kadhaa vichwa vilirudi mahali pake.

Wenye studio wa Kericho na Bomet walikuwa na shindano lao la kila mwaka, kwa watu wanaopiga picha kwa kupenda tu. Edinah alipanda kilima alfajiri, akapiga chai iliyofunikwa na ukungu, ikapendeza hata yeye mwenyewe akajipongeza. Siku ya shindano aliingia ukumbini Bomet, akakuta kuta zote nne zimejaa chai na ukungu. Mwamuzi alikuwa Bi Wamuyu, mwalimu wa sanaa, mama mnene mwenye miwani. Alipita akipiga miayo.

"Chai tunaijua," alisema. "Hata leo asubuhi nimeinywa."

Edinah alirudi nyumbani amenuna, na kwa wiki nzima hakutaka kusikia habari ya kamera.

Mwaka uliofuata wakatangaza mada: Amani. Edinah alimvizia njiwa, njiwa akaruka. Aliwapanga watoto wa jirani washikane mikono. Kabla hajabonyeza, mmoja alikuwa ameshamng'ata mwenzake. Aliona heri aachane nayo.

Kisha ikaja Jumapili ya mhubiri mgeni. Edinah aliombwa aje na kamera ili mgeni apigwe picha baada ya ibada. Lakini hiyo "baada ya ibada" haikufika. Mhubiri alianza na Adamu, na saa mbili baadaye alikuwa bado na Musa, hawajavuka bahari. Mvua ikaanza kupiga mabati. Wazee wa kanisa walikuwa wameketi mbele wakiwatazama waumini, kama desturi, ili waigwe.

Walikuwa wamelala wote. Mzee Kimeli alikuwa ameegemea bega la jirani yake, na mate yanamtoka taratibu. Mwingine alikumbatia Biblia kama mtoto. Katikati yao Kiptanui, kinywa wazi hadi magego, mkono bado umeshika mfuko wa sadaka. Mwanga wa dirishani ulikuwa umewaangukia vizuri, laini, kana kwamba umetumwa. Edinah alisogea mpaka akaona aibu, akasogea tena kidogo, akabonyeza. Mvua ikaumeza mlio.

Ndung'u alipoiosha picha ile alilazimika kuketi chini kwa kicheko. "Mama, hii usipoipeleka, nitaipeleka mimi."

Ikatundikwa, chini yake imeandikwa neno moja: Amani. Bi Wamuyu alisimama mbele yake muda mrefu, akavua miwani akaipangusa, akairudisha, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaipa nafasi ya kwanza. Kwa bahati mbaya, aliyekuwa amealikwa kufunga shindano kwa maombi alikuwa pasta wa Edinah.

Jumanne Edinah aliitwa mbele ya baraza la wazee, yaani mbele ya picha yenyewe, ila sasa ilikuwa macho.

"Sisi tulikuwa tumefumba macho tukiomba," alisema mzee Kimeli.

"Na yale mate, mzee?"

Pasta akakohoa ndani ya leso. Kiptanui alitazama viatu vyake. Waliamua kwamba Edinah aombe radhi mbele ya kanisa.

Jioni hiyo Kiptanui hakugusa ugali. Edinah alitoa ile picha ili aichane yaishe, lakini kabla hajaichana akaitazama tena, na mara hii hakucheka. Aliona mashavu yaliyobonyea na vidole vilivyopasuka. Mtu huyu alikuwa amekamua ng'ombe kungali giza, akawapalilia majirani mahindi yao Jumamosi nzima bila kuombwa, kisha akavaa tai.

"Baba Kipsang, pole. Sikujua umechoka hivi."

Kiptanui aliichukua, akaisogeza kwenye taa. "Kumbe hilo jino la nyuma limeoza hivyo," alisema. "Ndiyo maana linaniuma." Akamrudishia picha. "Usiichane. Kimeli ananiuliza kisirisiri kama atapata nakala."

Jumapili Edinah alisimama mbele, akashika kitambaa chake.

"Ndugu zangu, naomba radhi kwa wazee wetu," alisema. "Nilipaswa kuwaamsha."

Aliyeanza kucheka alikuwa mke wa pasta. Baada ya hapo hata mahubiri hayakuendelea sawasawa, na wageni waliohubiri mwaka ule waliombwa mapema, kwa upole, wasikawie sana.

Kiptanui alienda Bomet siku ya soko kung'oa jino. Edinah alimsindikiza, amevaa kamera shingoni, na njia nzima mumewe alifunika mdomo kwa kofia.