Divai Iliyopita Kwenye Kibuyu cha Maziwa

Mume wangu alikuwa muonjaji wa pombe ya asali. Kwetu huku Masieda mtu akitengeneza pombe ya harusi haigawi tu. Anamwita mtu mmoja asubuhi, mtu huyo ananusa, anaonja, ndipo anasema imeiva au bado. Mtu huyo alikuwa yeye. Alikwenda kwa miguu mpaka Masakta, mpaka Getanuwas kule chini kwa wafugaji, kwa sababu ya funda moja tu la pombe. Waliomwita nawakumbuka wote, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, lakini majina ni ya wenyewe, nayaacha. Alikuwa akinusa anasema, asali hii nyuki wake walikula alizeti, hii ni ya mgunga, hii mmeichanganya na ya mwaka jana msinidanganye. Nao wanacheka, maana ni kweli.

Masika yaliyopita alishikwa na homa na mafua mazito. Homa ikaondoka, lakini ulimi na pua vikabaki vimekufa. Asali kwake ikawa kama maji ya uvuguvugu. Nyama akasema ni kama kutafuna kamba. Hakumwambia mtu ila mimi. Akawa anakula matonge mawili, anasukuma sahani, anasema ameshiba, na mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari. Mimi nikawa naongeza chumvi. Kidogo leo, kidogo kesho, nikisema labda ataisikia. Ikafika mahali chakula chake nakipika kwenye sufuria yake, maana mimi mwenyewe siwezi kukila.

Kisha walikuja wazee wawili kumwita akaonje pombe ya harusi. Akawaambia mguu unamuuma. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, nikasikia. Mguu wake haukuwa na shida yoyote. Walipoondoka alikaa juani na blanketi lake mpaka ng'ombe wakarudi.

Sasa mjukuu wetu, binti wa mtoto wetu wa tatu, anafanya kazi Karatu kwenye hoteli ya watalii, upande wa kuhudumia meza. Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi imekaza, tumetoka kanisani na kula mchana, akaingia na mkoba. Ndani ya mkoba kanga, ndani ya kanga glasi mbili na chupa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umeniletea nini, au umekuja na njaa ya mjini?"

"Nimekuletea divai nyekundu kutoka Ufaransa."

"Mchukue," nikamwambia mjukuu, "mchukue leo hii hii uende naye Karatu. Mimi nimeshachoka kumfulia."

"Mke mwenzangu, huyu akija Karatu watalii watakimbia."

Mzee alicheka kidogo, lakini chupa hakuitazama. Mimi nilimwona. Alitazama mlimani.

Mimi divai niliyoijua ni ile ya kanisani, tone moja, tamu. Nikauliza kama hii siyo kitu cha matajiri. Mjukuu akasema kuna za matajiri, lakini hii ni ya watu wa kawaida, kule wanaiweka mezani na chakula cha nyumbani kama sisi tunavyoweka maziwa ya mgando. Bei yake, akasema, bibi ukiuza jogoo mmoja mzuri unaipata. Basi moyo ukatulia. Akazungusha chuma chake cha kuzibulia kwenye kizibo, akavuta, kikatoka na mlio kama busu. Akanielekeza: isinywewe sasa hivi. Imiminwe kwenye chombo kipana, ipate hewa kama saa nzima, ukali wake upungue. Isiwekwe karibu na moto. Na inywewe na nyama. Halafu akaenda kwa mjomba wake hapo ng'ambo ya korongo, kuchukua mbavu za kondoo.

Nikabaki mimi na chupa. Chombo kipana. Jagi letu la plastiki ni la kunawia mikono, linanuka sabuni. Sufuria zina masizi. Na kitu kilichotoka Ufaransa, kikaletwa na mtoto kwa ajili ya babu yake, nikiweke kwenye sufuria? Nikatoa kibuyu changu cha shingo ndefu, kile ninachowapa wageni maziwa. Nilikuwa nimekisafisha jana yake vizuri kabisa, nimekisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu mpaka kikanukia, kama mama yangu alivyonifundisha. Nikamimina nusu ya chupa, nikakiegemeza ukutani mbali na moto. Nilijiona nimefanya jambo la heshima sana.

Mjukuu akarudi, akachoma mbavu, mafuta yanadondoka, moshi unapanda. Tukakaa uani. Nikamimina kutoka kwenye kibuyu mpaka robo ya glasi, kama alivyoniambia. Kwetu aliyeleta ndiye anaonja kwanza, wengine waone hajaleta sumu. Akaonja. Akakunja uso kidogo, akakunjua. Akaonja tena.

"Ina harufu ya moshi," akasema. "Mwalimu wetu hotelini alisema divai nzuri ya Kifaransa wakati mwingine inanukia moshi. Ndiyo ubora wake huo."

Nami nikaonja. Ilikuwa chachu, inakausha meno, na moshi kweli upo. Nikajisemea, kumbe Ufaransa nao wana jiko la kuni.

Nikampa mzee glasi. Nilijua anaipokea kwa kumheshimu mtoto tu. Lakini mkono una mazoea yake. Mkono uliipeleka glasi puani kabla ya mdomoni, kama siku zote za nyuma. Akakaa hivyo. Akaondoa, akarudisha. Mimi nikaacha kutafuna.

"Mwalimu wako aje hapa nimfundishe," akasema. "Huu moshi siyo wa Ufaransa."

"Babu, kwa nini?"

"Ni mzeituni mwitu. Hii imepita kwenye kibuyu cha maziwa." Akanigeukia. "Mama, siyo kile cha shingo ndefu?"

Niliitikia kwa kichwa. Mjukuu alinitazama, akaona kibuyu ukutani, akaanza kucheka mpaka akalala kwenye mkeka. "Bibi! Nami nasifia! Nimesifia masizi yako!" Akadhani machozi yangu ni ya kucheka. Mimi nilimwacha adhani hivyo.

Mzee yeye hakucheka. Alishikilia ile glasi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Akanusa tena, polepole. Aliogopa, mimi namjua. Aliogopa kwamba akinusa mara ya tatu harufu haitakuwepo.

"Iliyobaki kwenye chupa ipo?" akauliza.

Mjukuu akasuuza glasi, akamimina. Mzee akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akarudisha glasi kwenye kigoda.

"Bado."

Lo, lile neno! Sikuwa nimelisikia tangu masika. Alilisema vile vile alivyokuwa akilisema kwenye nyumba za watu, wapishi wakisimama na miiko yao kumsikiliza. Akaagiza glasi ikae hapo hapo juani ambapo jua halina nguvu, maana ndani ni baridi kama kisimani na jikoni ni moto, hapafai. Akasema isitikiswe kama dawa, izungushwe kidogo tu. Tukangoja. Tulikula mbavu, tukamsikiliza mjukuu akituambia habari za wageni wanaolala na viatu.

Baadaye mzee akachukua ubavu wenye mafuta, akatafuna, hakumeza haraka. Ndipo akanywa funda dogo. Akafumba macho.

"Mafuta yanaushika ukali wake," akasema. "Ukiinywa peke yake inakugombeza. Nyama kwanza, halafu hii, halafu utulie. Ina yale matunda meusi ya korongoni tuliyokuwa tunachuma tukichunga, yakiiva sana mpaka yanapasuka. Na mwishoni ina udongo. Udongo wa mvua ya kwanza." Akampa mjukuu glasi. "Onja sasa. Tafuta udongo."

Mjukuu akatafuta. Akasema, "Babu, naupata!" Sijui kama aliupata kweli. Mimi sikuupata. Lakini nilipokula nyama kwanza kama alivyosema, ile chachu ikalainika, ikawa kitu kinachonywewa, na joto likashuka mpaka kwenye magoti yangu.

Sijui ulimi ulirudi siku ile, au ulikuwa umesharudi kitambo na yeye ameacha kuuliza. Mambo hayo ni ya Mungu. Ile ya kwenye kibuyu hatukuimwaga, niliinywa mimi, moshi na yote.

Alikula mbavu nne. Mfupa wa mwisho aliunyonya, akajifuta midomo kwa kiganja, akanigeukia.

"Mama."

"Abee."

"Zile mboga za leo mchana. Tangu lini unanilisha chumvi kama ng'ombe?"

Mjukuu akasema, "Babu, usimseme bibi, amezeeka."

"Tangu masika," nikamjibu.

Aliinamisha kichwa, akaelewa. Akaichukua glasi yake iliyobaki funda moja, akaniwekea mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Basi kesho," akasema, "punguza."