Majibu ya Walburga

Pale kijijini Mpitimbi, mtu akiulizwa swali na Walburga yuko karibu, hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, miaka ile ya sabini, alikaa nyuma ya wenzake akawanong'oneza herufi, wote wakafaulu, na mwalimu akajiona bingwa. Padri alipowahoji watoto wa kipaimara, Walburga alikuwa benchi la nyuma, kanga mdomoni. Hakuwa mlaghai. Hakuweza tu kuvumilia kumwona mtu amesimama mbele ya watu, midomo inamcheza, hana la kusema. Mimi simlaumu, ingawa siku moja huruma hiyo nusura imwondoe mumewe duniani.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Mahindi yalikuwa hayasubiri tena chama cha ushirika. Wafanyabiashara walikuja na malori yao kununua wenyewe vijijini. Athanasi, mumewe, alipanda juu ya magunia kwenda mjini, na Walburga akakaa mbele na dereva. Karibu na mji lori lilikosa kona likalala ubavu. Walburga alitoka na mchubuko tu. Saa nne asubuhi alikuwa hospitalini Songea, kando ya kitanda cha Athanasi, akimfukuzia nzi. Athanasi alikuwa na uvimbe juu ya sikio, basi. Wenzake watatu ndio waliokuwa wanavuja damu.

Muuguzi, Sista Epifania, alikuja na tochi na kadi. Akammulika macho.

"Baba, unaitwa nani? Uko wapi? Leo siku gani?"

Athanasi alitaja jina, akasema yuko hospitali. Siku akasema Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Sista akaandika, akaondoka kwenda kwa mwenye mguu uliovunjika.

Baada ya nusu saa akarudi na maswali yaleyale. Walburga hakuelewa. Kama mtu ameshajibu, anaulizwa tena ya nini? Wanadhani watu wa kijijini ni waongo? Akamuuliza Oliva, aliyekuwa anamuuguza kaka yake kitanda cha pili, na Oliva, kama kawaida ya wasiojua, alikuwa na hakika kabisa.

"Dada, hapo wanampima akili. Akikosakosa hivyo wanampeleka wodi ya vichaa. Akitoka huko hawi mtu tena."

Kuanzia hapo Walburga akahamia kichwani pa mgonjwa, kanga mdomoni.

"Jumatano," alinong'ona.

"Jumatano," akasema Athanasi.

Sista alikuwa peke yake na majeruhi wanne. Hakusikia. Aliandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, akaandika hivyo tena na tena mpaka mchana.

Saa nane, kabla Sista hajafika, Walburga alimnong'oneza siku, Athanasi akasema, "Mama." Akanong'ona tena. Athanasi akamtazama kama mtu asiyemfahamu, kisha akafumba macho. Walburga akachanganyikiwa. Amechoka? Amekasirika? Asubuhi alikuwa na akili zake, au zilikuwa za kwake yeye Walburga? Hakujua tena lipi lilikuwa la nani. Sista alikuwa anakuja na tochi yake, na ilikuwa rahisi mno kusema kwamba mzee amelala.

"Sista," alisema, "majibu yale hayakuwa yake. Nilikuwa namwambia mimi."

Sista hakumgombeza. Alimfungua Athanasi macho, na mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko mwenzake. Akatoka mbio kumwita daktari.

Daktari alisoma kadi, akamtazama mgonjwa, akasoma kadi tena.

"Mama, mara ya mwisho kujibu mwenyewe ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Baada ya hapo sijui, daktari. Sikumpa nafasi."

"Hatukuwa tunampa mtihani," daktari alisema, tayari akivuta kitanda. "Tulikuwa tunasubiri tuone ataanza kukosa lini. Damu inakusanyika ndani ya fuvu, inabana ubongo. Ni lazima tutoboe, sasa hivi."

Wakamsukuma chumba cha upasuaji. Walburga alibaki na kanga yake mkononi, na aibu aliyoiona siku ile hakuwahi kuiona kabla wala baada.

Ijumaa asubuhi Athanasi alifumbua macho, kichwa kimefungwa bandeji. Sista Epifania alipotoa kadi, Walburga alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa, akasimama kibarazani chini ya dirisha.

"Baba, unaitwa nani?"

Walburga akauma kidole.

"Athanasi."

"Leo siku gani?"

Jibu lilikuwa limemjaa Walburga mdomoni, akazidi kuuma kidole.

"Sijui," alisema Athanasi.

Walburga akaketi sakafuni, akalia kwa furaha, maana hilo hakunong'onezwa na mtu. Waliopita kibarazani walidhani amefiwa, wakampa pole, naye akashindwa kuwaeleza, akazipokea zote.